Mfumo mpya ofisini: uingie kwa agizo au kwa kujaribu?

Kila masika, wageni wakipungua na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikikaa siku nyingi nyuma ya mawingu, ofisi za kupandisha wageni mlimani hapa Moshi hupata muda wa kujiangalia. Ndipo swali la mfumo linapokuja. Tununue mfumo wa bukingi? Tuhamishie daftari la stoo kwenye simu? Tuwape vijana akili mnemba iwasaidie kuwajibu wageni? Msimu huu nimeulizwa na watu watatu, wawili wa Moshi na mmoja wa Arusha, na wote walitaka niwatajie programu. Nikawaomba tuzungumze kwanza namna watakavyoiingiza hiyo programu. Hapo ndipo mfanyakazi anapoamua moyoni mwake kama kitu hiki ni msaada wake au ni askari aliyewekewa mlangoni. Akishaamua, utaona matokeo yake kwenye mawazo anayokuletea, au kwenye ukimya wake.

Nimefanya kazi chini ya namna mbili. Ya kwanza niliiishi Arusha, kwenye ofisi ya safari za mbugani. Bosi alichagua mfumo, akatangaza tarehe, na kuanzia Jumatatu hiyo kilichokuwa nje ya mfumo hakikutambuliwa. Ya pili naiishi sasa Moshi, kwenye ofisi ndogo ya mlimani. Kifaa huletwa, watu wawili watatu hukitumia kwa wiki kadhaa kwenye kazi halisi huku daftari likiwa bado mezani, kisha tunakaa na kuamua kibaki, kirekebishwe au kirudishwe kilikotoka. Nitaziita agizo na jaribio. Moyo wangu uko kwenye jaribio, nakiri mapema, lakini zipo kazi ambazo ningetumia agizo bila kusita, na nitazitaja.

Mtazamo una sura mbili

Mwaka 1989 Mmarekani Fred Davis alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia ya kazini kwa imani mbili: kwamba itamsaidia kazi yake, na kwamba kuitumia hakutamtesa. Naipenda hoja hii kwa sababu haimhukumu mtu kwa umri wala shule yake. Mzee wetu wa stoo anatuma na kupokea pesa kwa simu bila kumuuliza mtu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na yeye aliijifunza kwa sababu alikuwa na binti anayesoma Dar es Salaam na ada haikusubiri basi. Hakuna aliyemwamuru. Mzee huyohuyo, ukimwonyesha kompyuta ya ofisini, husema, "Hiyo ni ya wasomi." Mtu mmoja, mitazamo miwili. Kwa hiyo usiseme fulani haipendi teknolojia; uliza ni ipi, na ilimfikiaje.

Upande wa ubunifu, Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard amefanya kazi ya miaka mingi. Anasema ubunifu hutaka vitu vitatu ndani ya mtu: ujuzi wa kazi yenyewe, mazoea ya kuligeuzageuza jambo, na hamu itokayo ndani. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1979, wanafunzi walitengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi. Kwa jumla, waliojua kwamba kazi yao ingehukumiwa walitoa picha zenye ubunifu mdogo kuliko walioachwa watengeneze tu. Mfumo ulioletwa vibaya hauondoi ujuzi wa mtu. Mwongoza watalii aliyepanda Kilimanjaro mara mia bado anaujua mlima. Kinachokwenda ni ile hamu, na ikishakwenda ule ujuzi hubaki kichwani mwake usifike mezani kwako.

Mshumaa na kiboksi cha pini

Ipo chemshabongo ya mwanasaikolojia Mjerumani, Karl Duncker, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1945, ambayo kwangu ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote cha kuchagua kati ya agizo na jaribio. Unapewa mshumaa, kiberiti, na kiboksi kilichojaa pini. Uushikize mshumaa ukutani, uwake, na nta isidondokee meza. Wengi huanza kuuchoma mshumaa pini, au kuuyeyusha ubavu ili ugande ukutani. Jawabu ni kumwaga pini, kukipigilia kiboksi chenyewe ukutani, na kuusimamisha mshumaa ndani yake. Shida ni kwamba macho yanakiona kiboksi kama chombo cha kuwekea pini, basi.

Mwaka 1962 Sam Glucksberg alilirudia jaribio hilo Marekani. Kundi moja liliahidiwa fedha kwa watakaowahi kumaliza. Kundi jingine halikuahidiwa kitu. Pini zilipokuwa ndani ya kiboksi, walioahidiwa fedha walichelewa, kwa wastani wa zaidi ya dakika tatu. Pini zilipokuwa zimewekwa nje na kiboksi kiko kitupu, walioahidiwa fedha waliwahi.

Sasa tazama kazi za ofisini kwako. Kulipia ada za hifadhi kwa namba ya malipo ya serikali ni kazi ambayo pini ziko nje. Njia ni moja, inajulikana, kinachotakiwa ni kuifuata bila kukosea. Kumpangia safari bibi wa miaka sabini anayekuja na mjukuu asiyependa kutembea ni kazi ambayo pini zimo ndani. Msukumo uleule unaoharakisha kazi ya kwanza huiua ya pili. Na ofisi nyingi hununua mfumo mmoja kwa kazi zote mbili, wakaupeleka kwa msukumo mmoja.

Agizo lilivyofanya kazi Arusha

Nianze na sifa zake, maana zipo. Ndani ya wiki mbili hesabu zilikaa sawa. Hakuna mgeni aliyepangiwa gari ambalo lilikuwa tayari Karatu na watu wengine. Bosi akiwa safarini Ulaya aliweza kujua nani amelipa na nani bado. Kabla ya hapo tulikuwa tukibishana kila Jumamosi.

Lakini nilikuwa na kaka mmoja tuliyekaa naye meza moja, na ofisi nzima ilimjua kwa ratiba. Mgeni akiandika kwamba mkewe ni mpishi, kaka yule alimtafutia chakula cha mchana kwa kina mama wa Mto wa Mbu. Mwingine akisema amechoka kuona magari ya watalii tu, alimpeleka Ziwa Eyasi. Aliyefika siku ya gulio alipitishwa Tengeru asubuhi kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mfumo ulikuja na ratiba zilizo tayari, unachagua kwenye orodha. Ukitaka iliyo nje ya orodha, unaandika maombi kwa meneja na kueleza sababu. Na kwenye ukurasa wa mbele kulikuwa na hesabu ya kotesheni, yaani ratiba na bei anazotumiwa mgeni, ambazo kila mmoja ametuma siku hiyo, wote tunaiona.

Kaka yule hakugoma. Alibadilika tu. Akawa mwepesi kuliko sisi wote, akapata zawadi ya mtumiaji bora, na kotesheni zake zikawa zinafanana isipokuwa jina la mgeni. Mimi nami nilifuata. Waliniandikia wageni wawili waliotaka ndege tu, wala simba hawakuwahitaji. Nilijua cha kuwauliza: mnakuja mwezi gani, maana kuanzia Novemba hadi Aprili wapo ndege wahamiaji ambao Julai huwaoni. Sikuuliza. Niliwachagulia Tarangire, Manyara na Ngorongoro kutoka kwenye orodha, nikabonyeza, hesabu yangu ikapanda kwa moja. Hawakurudi kwetu, na hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu ujuzi nilikuwa nao.

Dada wa hesabu aliumia kwa namna nyingine. Aliogopa kubonyeza kitu akafuta malipo ya watu, kwa hiyo aliendelea na daftari lake la siri kwenye droo, na jioni alibaki kunakili yote kwenye mfumo. Mwanasaikolojia Craig Brod, katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliiita hali hiyo technostress, akaieleza kuwa ni msongo unaompata mtu anaposhindwa kwenda sawa na teknolojia mpya. Mtu anayefanya kazi moja mara mbili kwa hofu hana nafasi kichwani ya kuwaza jambo jipya. Anawaza kufika nyumbani.

Jaribio linavyofanya kazi Moshi

Ofisi yetu ilipoamua kuachana na daftari la stoo, tulianza na mzee mwenyewe, simu janja ya ofisi mkononi.

"Mzee, hii tunataka ujaribu kupigia picha vifaa vinavyotoka na kurudi."

"Nikikosea je, bosi?"

"Daftari lako lipo palepale. Ukikosea tunasoma daftari."

Wiki ya kwanza hakuigusa. Wiki ya pili alianza kupiga picha zipu zilizokatika, amwonyeshe fundi wa mjini bila kubeba slipingi begi nzima. Hilo hatukulifikiria. Wiki ya nne, au ya tano, alipachika kanda ya kupimia kwenye fremu ya mlango, akatundika kila jaketi pembeni yake, akapiga picha, kisha akamwomba dada wa mapokezi awatumie wageni kabla hawajapanda ndege. Zamani mgeni alifika akakuta jaketi linambana, tukaanza kubadilishana langoni Marangu huku wapagazi wakisubiri kupima mizigo. Siku hizi mgeni anachagua akiwa kwao. Wazo hilo lisingeuzwa na muuza mfumo yeyote, kwa sababu hajawahi kusimama langoni saa tatu asubuhi na jaketi mkononi.

Kilichotokea kwa mzee ni kile cha kiboksi. Simu ilipokoma kuwa chombo cha kumkagua, aliweza kuiona kama kitu kingine. Na hakuwa mpenda teknolojia. Sikumtoa hofu kwa semina. Hofu ilipungua kwa sababu kosa halikuwa na adhabu na faida ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe.

Nimeliona jambo hilohilo kwa waongoza watalii. Agosti 2022 intaneti ya kasi ya TTCL ilifika Horombo, mita 3,720 juu, kwenye njia ya Marangu. Ofisi nyingine zingeanza kwa kudai ripoti kila jioni. Sisi tuliwaambia tu kwamba sasa mtandao upo, watumie watakavyoona. Mmoja wao akaanza kutuma ujumbe wa sauti kuhusu chakula: wageni wameacha nyama, wanamaliza supu. Mpishi anayejiandaa na kundi linalofuata akausikiliza na kubadilisha manunuzi. Si jambo kubwa, lakini lilianza kwao.

Sasa madhaifu ya jaribio, na ni mazito. Kwanza muda: kilichochukua wiki mbili Arusha kilituchukua karibu miezi mitatu. Pili, daftari na simu vikitembea pamoja hupishana. Kuna kundi ambalo daftari lilisema wageni wanne na jedwali la Excel kwenye simu likasema sita, mpishi akanunua kwa kufuata daftari. Tuligundua tukiwa Machame, langoni. Kijana alirudi mjini na pikipiki kununua vya watu wawili, na safari ikachelewa kuanza. Tatu, vijana wenye haraka huchoka kusubiri wazee. Wapo watakaokuambia ofisi inawarudisha nyuma, na hawatakuwa wamekosea kabisa.

La nne ndilo lililonitisha kuliko yote. Watu walipoachwa wajaribu watakavyo, picha za pasipoti za wageni zilijaa kwenye WhatsApp za simu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ofisi inawajibika kwa taarifa inazokusanya. Hapo nilisimamisha jaribio siku hiyohiyo, nikatoa agizo: pasipoti zinaingia sehemu moja, zinafunguliwa na watu wawili, na kwenye simu binafsi zifutwe. Hakuna aliyelalamika. Watu hukubali agizo lenye sababu wanayoiona.

Anayeipenda mno

Watu hudhani hatari ni yule anayeogopa. Kwa akili mnemba, mimi naona hatari kwa anayeamini kila kitu. Kijana wetu wa bukingi alifurahi mno alipoanza kuitumia kuandika majibu ya wageni. Kiingereza safi, kwa dakika moja. Kisha likaja jibu lililomwahidi mgeni mahema kwenye njia ya Marangu, njia ambayo wageni hulala kwenye vibanda: Mandara, Horombo na Kibo. Jingine lilimpandisha mgeni Machame na kumshusha Machame, wakati wanaopanda kwa Machame hushukia Mweka. Aliyeyaona makosa yote mawili ni mzee wa stoo, kijana alipomsomea kwa Kiswahili.

Kwa hiyo sasa wanafanya kazi hiyo wawili. Kijana anaandikisha rasimu, mzee anaibishia. Na ubishi wao ndio umekuwa chanzo cha ratiba zetu nzuri mwaka huu, kama ile ya kumpeleka mgeni Materuni siku moja kabla ya kupanda, atembee hadi maporomoko, anywe kahawa iliyotwangwa mbele yake, na ofisi ipate kuona miguu yake ikoje kabla ya mlima. Ukiwa na mpenda teknolojia na mwenye mashaka nayo kwenye ofisi moja, wakalishe meza moja. Mwenye imani peke yake atakuletea kazi nyingi zinazofanana, na mwenye mashaka peke yake atabaki alipo.

Uchague ipi

Fedha, risiti za EFD (mashine za kodi), ada za hifadhi, pasipoti, taarifa za afya za wapandaji: agizo. Weka tarehe, fundisha vizuri, funga daftari. Hapa ubunifu wa mfanyakazi hauhitajiki, na kumwachia mtu ajaribu ni kumtwisha lawama ambayo si yake. Lakini hata kwenye agizo, mwondolee hofu yule dada wa hesabu: mwonyeshe jinsi kosa linavyorekebishwa siku ya kwanza, kabla hujamwonyesha jinsi ya kuingiza malipo.

Ratiba, mawasiliano na wageni, stoo, jikoni, matangazo, picha: jaribio. Usiweke hesabu ya nani katuma ngapi mahali inapoonekana na wote. Usitoe zawadi ya mtumiaji bora. Ukitaka kuzawadia, zawadia wazo baada ya kuliona likifanya kazi, wala usilitangaze mapema kama shindano.

Ofisi ya watu watatu au wanne wanaoaminiana inaweza kwenda na jaribio karibu kwa kila kitu isipokuwa fedha na pasipoti. Ofisi ya watu thelathini, yenye matawi Arusha na Moshi, haitaweza. Italazimika kuanza na agizo kwenye kumbukumbu za pamoja, kisha iache nafasi ya wazi ndani yake. Nafasi hiyo uiulizie kabla hujalipa. Mwambie muuzaji akuonyeshe mtu anavyotengeneza ratiba ambayo haimo kwenye orodha, bila kuomba ruhusa ya meneja. Akishindwa kukuonyesha, mfumo huo utakufaa kwa hesabu tu.

Na wakati ni huu wa Aprili na Mei. Ukisubiri Juni wageni wameshajaa, kila kosa lina mgeni nyuma yake, na hata jaribio litageuka kuwa agizo kwa sababu hakuna atakayekuwa na subira. Ukikosa masika, Novemba ya mvua za vuli inaweza kukusaidia, ila ni fupi, na Desemba inakukuta njiani.

Sisi masika haya tunaanza na jiko. Mpishi mkuu amekataa kibao cha kuandikia kwenye skrini tulichomletea, kasema mikono yake ina mafuta muda wote. Ameomba aachiwe kurekodi sauti, na dada wa mapokezi amekubali kumwandikia kwa wiki mbili za kwanza ili tuone.